Diski ya nje ya bakapu: TB 1 au TB 2?

Dada, kama laptopu yako ni ya GB 500, chukua TB 2. Nakala za nyuma nazo zinakula nafasi. HDD ya kawaida (ile yenye sahani inayozunguka ndani) inatosha. SSD (isiyo na kitu kinachozunguka) ina kasi na haiogopi kuanguka, ila bei yake hapana. Nunua ndogo ya inchi 2.5 inayotumia umeme wa USB. Zile za inchi 3.5 zina adapta ya ukutani, na umeme wetu unaujua.

Pale Kariakoo ukionyeshwa "TB 16" kwa bei ya chipsi kuku, kimbia! Ndani huwa ni memori kadi ndogo iliyochezewa isome uongo. Yoyote utakayonunua, ijaze kwanza kwa H2testw, programu ya kupima kama nafasi ni ya kweli, hata ichukue usiku mzima, na risiti usitupe. Halafu usiibebe begi moja na laptopu, wakikwapua wanaondoka na vyote.