Jibu: Nazi za Kongowea zinatoa tui jepesi

Salamu dada. Umesema nazi unazonunua soko la Kongowea, Mombasa, kwa wakulima wa Kilifi zinatoa tui jepesi, na wali hauna ladha. Kwanza angalia kama unauziwa koroma, yaani nazi ambayo haijakomaa vizuri. Mimi hutikisa kila moja sikioni: nazi iliyokomaa maji yake hucheza, koroma limejaa na halitoi sauti. Macho ya nazi yawe makavu. Yakiwa na unyevu au ukungu, iache hata ukipewa bure.

Tui la kwanza likamue kwa maji ya vuguvugu kidogo sana, uliweke kando. Pikia mchele tui la pili, la kwanza ulimwagie wali ukikaribia kukauka. Mkulima mkishazoeana, mwagize zilizoanguka zenyewe mnazini. Hizo ndizo zenye mafuta.