Nilinunua dawa moja, cheti kilikuwa na mbili

Cheti kilikuwa na mistari miwili: diklofenaki kwa ajili ya goti, na omeprazoli chini yake. Nikaisoma ile ya pili, nikasema moyoni, mimi sina vidonda vya tumbo, hii ya nini? Nikanunua ya goti tu.

Kwa miezi mitatu nilimeza asubuhi na jioni, na siku goti lilipokaza nikaongeza ibuprofeni juu yake. Nilikuwa nakula kwanza, kwa hiyo nilijiona mjanja. Tumbo halikuuma hata siku moja. Kilichobadilika ni choo: cheusi, chenye kunata kama lami. Nikasingizia chakula. Siku ya tatu nilipanda ngazi, kizunguzungu kikanishika nikaegemea ukuta. Hospitalini waliniingiza mpira wenye kamera, wakakuta kidonda kinavuja damu.

Nilichotaka kujua ni kimoja: mbona sikusikia maumivu? Daktari akasema vidonda vya namna hii mara nyingi havibishi hodi. Kwa wengine dalili ya kwanza ndiyo hiyo damu.

Hapo ndipo nilipoelewa ule mstari wa pili. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, aspirini ikiwemo, huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kwenye goti, prostaglandini huleta uvimbe na maumivu. Tumboni ndizo mlinzi: huchochea ute unaofunika ukuta wa tumbo, na damu ipite humo vizuri. Ukizizima kwa ajili ya goti, unazizima na tumboni. Na kwa kuwa dawa hufika huko kupitia damu pia, sindano au kidonge cha kuweka njia ya haja kubwa havikuokoi. Kula kwanza nako si kinga. Kunaweza kupunguza kichefuchefu, basi.

Omeprazoli hupunguza asidi ili ukuta uliobaki bila mlinzi usichomeke. Kwa kinga, kipimo cha kawaida ni miligramu 20 mara moja kwa siku, kama nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kwa sababu inafunga vipampu vidogo vinavyotoa asidi tumboni, navyo huamshwa na chakula. Wengi huimeza baada ya kushiba, au siku wanayosikia kiungulia tu. Hiyo si kinga. Wala vidonge vya kutafuna vya kiungulia si kinga: vinanyamazisha moto huku kidonda kikiendelea.

Ipo pia misoprostoli, ambayo hurudisha kazi ya prostaglandini yenyewe. Inakinga kweli, lakini kipimo kamili ni mara nne kwa siku na huharisha, watu wakaichoka. Mjamzito asiiguse kwa kazi hii, maana hukaza mji wa mimba na mimba inaweza kutoka.

Si kila anayemeza vidonge viwili vya jino anahitaji haya. Anayepaswa kuuliza ni mwenye umri wa zaidi ya miaka 65, aliyewahi kuwa na kidonda, anayetumia steroidi, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini ya moyo, na anayechanganya dawa mbili za aina hii kama nilivyofanya mimi. Kama utazitumia kwa muda mrefu, omba pia upimwe bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori. Huyo akiungana na dawa hizi, hatari huongezeka. Na ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika kitu kama unga wa kahawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Goti bado lipo. Siku nyingi nalipaka jeli na kumeza parasetamoli. Juzi nimeng'olewa jino, nikaandikiwa ibuprofeni ya siku tano. Nikamrudishia daktari cheti kabla sijainuka kitini, nikamweleza habari ya kidonda changu. Akaikata ibuprofeni, akaandika parasetamoli.