Muulize Bibi Afya: Karatasi ya Mlinzi, Hesabu ya Konda na Ndoo ya Muuguzi

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji waliobaki kazini wakati wa UVIKO-19 waniandikie yanayowasumbua pindi wakisikia kwamba ofisi na hospitali zinaandaa mipango ya mlipuko ujao. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyonayo. Nimechagua tatu za hapa Dar es Salaam, nikazifupisha na kuondoa majina.

Shikamoo Bibi Afya. Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi, na huu ni mwaka wangu wa saba katika lango la hospitali moja hapa jijini. Mwaka 2020 sikukosa zamu hata moja. Nilipima watu joto, niliwaelekeza kwenye ndoo ya kunawia, niliwazuia wasio na barakoa, na barakoa niliyovaa mwenyewe nilishonewa na fundi cherehani wa mtaani, kwa sababu kampuni ilisema vifaa ni vya hospitali na hospitali ikasema walinzi ni wa kampuni. Mwezi huu tumeletewa karatasi ya kutia saini. Inasema kwamba ukitokea mlipuko sisi ni "watoa huduma muhimu", tutafika kazini siku zote bila kisingizio, na atakayeugua atajigharimia. Nikisaini nimejifunga? Nisiposaini nitafukuzwa? – Mlinzi, Buguruni.

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale kampuni ilipokurushia hospitali na hospitali ikakurudisha kwa kampuni. Tutarudi hapo, lakini kwanza tulitazame jina ulilopewa.

Huduma muhimu si koti ambalo mwajiri humvika amtakaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inazitaja yenyewe: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya pamoja na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano ya usafiri wa anga, na usafiri unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Ulinzi haukutajwa humo kwa jina, ingawa mtu anaweza kubishana kwamba lango la hospitali ni sehemu ya hospitali. Hata tukikubali hoja hiyo, orodha imewekwa kwa ajili ya jambo moja, nalo ni mgomo: walio katika huduma hizo hawaruhusiwi kugoma, na mgogoro wao hupelekwa kwenye usuluhishi na uamuzi. Kukatazwa kugoma ni jambo moja, na kuamriwa kuugua kwa fedha zako ni jambo jingine ambalo sheria hiyo haikulisema popote.

Nafikiri najua neno hilo lilivyotufikia. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikatangazwa kufungwa, lakini sisi wengine hatukufungiwa ndani: masoko, daladala, kivuko cha Kigamboni na viwanda viliendelea na kazi. Katika nchi zilizofunga watu majumbani, orodha ya wafanyakazi muhimu ilikuwa ruhusa ya kupita barabarani bila kusumbuliwa na polisi. Sisi hatukuihitaji ruhusa hiyo kwa kuwa karibu kila mtu alikuwa barabarani akitafuta riziki. Kwa hiyo neno limetua hapa likiwa halina ruhusa ndani yake, limebaki na mzigo tu, na karatasi mliyoletewa inautumia mzigo huo.

Sasa turudi langoni. Mwajiri wako ni yule anayekulipa mshahara, na chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, wajibu wa kukulinda dhidi ya hatari za kazi ni wake, hata kama lango unalolilinda ni la mtu mwingine. Hospitali nayo sioni jinsi inavyoweza kuandika mpango wa kuzuia maambukizi ukaanzia mapokezi na kumwacha mtu ambaye kila mgonjwa humkuta kabla ya kumkuta muuguzi. Wewe ndiye unayemsogelea mgonjwa kwa urefu wa mkono ili kumpima joto, unayemshika anapoyumba akishuka kwenye bajaji, na unayekoholewa kwanza. Walioko Uingereza walilihesabu jambo hili mapema. Mei 2020 Ofisi ya Takwimu ya huko ilipochapisha vifo vya UVIKO-19 kwa kazi walizofanya marehemu katika England na Wales, walinzi wa kiume walikuwa miongoni mwa waliokufa zaidi, vifo 45.7 kwa kila watu 100,000, wakiwapita madereva wa teksi waliokuwa na 36.4. Takwimu hizo si za kwetu, na umri wa watu, makazi na hali zao za kiafya navyo vimo ndani yake, lakini zinatosha kumnyamazisha anayesema kwamba mlinzi hahitaji barakoa nzuri kwa kuwa hamtibu mtu.

Kuhusu sentensi ya kujigharimia, hiyo ndiyo iliyonikera, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Likizo ya ugonjwa imewekwa na sheria: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari. Haki ya namna hiyo haifutwi kwa saini yako, kwa sababu mkataba hauruhusiwi kumpa mfanyakazi pungufu ya kiwango cha sheria. Juu ya hayo upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake bila mshahara wako kukatwa hata senti, nao unahusu ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Ugumu wake ni ushahidi, maana UVIKO-19 mtu huweza kuupata langoni na huweza kuupata msibani, na atakayekagua madai yako atakuuliza kwa nini aamini ni langoni. Hapo ndipo daftari lenu la matukio linapokuwa na thamani ambayo walinzi wengi hawaijui. Kila unapompokea au kumsaidia mgonjwa anayeshukiwa, andika saa, ulichofanya na ulichokuwa umevaa. Daftari likijaa, usikubali litupwe.

Kuna tundu moja ambalo lazima nikuonyeshe. Likizo ya ugonjwa inamhusu mgonjwa. Ukitengwa kwa siku kadhaa kwa sababu tu ulikuwa karibu na mgonjwa, huku wewe mwenyewe huumwi, siku hizo hazikutajwa waziwazi, na mwajiri mjanja atasema ulikuwa nyumbani kwa hiari yako. Jambo hilo ndilo la kupigania sasa, kabla hakujatokea mlipuko wowote.

Kwa hiyo nisingekushauri uikatae karatasi wala uisaini ilivyo. Ijibuni kwa maandishi, walinzi wote pamoja, kupitia mwakilishi wenu au chama cha wafanyakazi kama mnacho. Semeni mko tayari kufika kazini, kwa sababu naamini mko tayari na mlishalithibitisha hilo, na muombe karatasi itaje nani atatoa barakoa, ngapi kwa zamu, siku za kutengwa zitalipwa vipi, na kwamba atakayeugua atatendewa kama sheria inavyosema. Ile sentensi ya kujigharimia ifutwe. Nakala ya barua yenu ipelekwe hospitalini pia, ili wasipate tena nafasi ya kukurusha kama mpira. Ukifukuzwa kwa kuandika hivyo, peleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa kazi, na usihesabu siku hizo kwa vidole, maana wengi wamepoteza haki zao kwa kungoja kuitwa ofisini wakayazungumze.

Jambo dogo la mwisho kuhusu ndoo yako. Mwaka 2020 nilizitazama ndoo nyingi za maji tiririka mjini na karibu zote zilikuwa na koki ya kuzungusha: mtu anaifungua kwa mkono mchafu, ananawa, kisha anaifunga kwa mkono uleule aliokwisha kuusafisha. Mafundi wetu walishalitatua kwa kutengeneza ndoo za kukanyaga kwa mguu. Iombeni hiyo.

Bibi, sisi makonda hakuna aliyetuita muhimu wala kutupa karatasi yoyote. Tulipoamriwa kupakia levo siti, yaani abiria waliokaa tu, abiria walipungua nusu lakini hesabu ya tajiri, yaani fedha tunazompelekea mwenye gari, haikupungua. Sheria zinatusaidia nini? – Konda, Gongo la Mboto.

Kwa ukweli, kidogo sana, na sitaki kukupamba. Niliyomweleza mlinzi yanamtegemea mtu mwenye mwajiri anayejulikana na mkataba unaoonekana, na wewe unalipwa kutokana na kinachobaki baada ya hesabu na mafuta. Amri ya levo siti ilikuwa ya busara kiafya, lakini gharama yake iliangukia kwenye kiti cha konda na dereva, kwa kuwa hakuna aliyemwamuru mwenye gari apunguze hesabu. Mimi ningekuwa kiongozi wa chama chenu, ningeanzia hapo hapo: abiria wakipunguzwa kwa amri, hesabu ipungue kwa kiasi hicho hicho, na makubaliano yaandikwe wakati huu ambapo kila mtu bado ana subira.

Kuhusu afya yako, ulinzi ulio nao tayari ni madirisha. Virusi vya UVIKO-19 husafiri zaidi kwa hewa ambayo watu wanapumuliana kuliko kwa noti unazokunja katikati ya vidole, kwa hiyo gari lenye madirisha wazi pande zote mbili ni salama kuliko lililofungwa likiwa na dawa ya kupuliza. Najua mvua za masika zikinyesha abiria wanapiga kelele mfunge. Acheni angalau sentimita chache kwa juu, na wewe ukae mlangoni uso ukiwa umeelekea nje. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, si kabla ya kila chenji, maana hilo halitekelezeki na sipendi ushauri usiotekelezeka.

Shikamoo dada mkubwa. Mimi ni muuguzi, ninaishi Manzese katika chumba na sebule pamoja na wanangu wawili na mama yangu mwenye kisukari, na bafu tunatumia na wapangaji wengine. Mwaka 2020 niliwapeleka watoto kwa shangazi yao Morogoro kwa miezi mitatu, na mdogo aliporudi hakutaka kushikwa na mimi. Ugonjwa mwingine ukija, niwahamishe tena? Na sare za kazi nizifue vipi?

Marahaba, mdogo wangu. Yule mdogo aliyekataa kushikwa nimemfikiria siku nzima.

Jibu linategemea ugonjwa gani umekuja, na hili ndilo watu hulisahau wanapoandika mipango yenye neno "mlipuko" tu. Kipindupindu hakihitaji uwahamishe watoto. Kinahitaji maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, choo safi na mikono. Homa ya virusi vya Marburg, iliyotokea Kagera mwaka 2023 na kuwaua 6 kati ya wagonjwa 9, miongoni mwa waliougua wakiwemo wahudumu wa afya, huenea kwa majimaji ya mwilini, na hapo swali la kufua sare nyumbani halipo kabisa: nguo zibaki kituoni na zishughulikiwe huko. Ukiambiwa uondoke nazo, kataa kwa maandishi.

Ugonjwa ukiwa wa njia ya hewa kama UVIKO-19, mtu wa kumlinda zaidi katika chumba chako ni mama, si watoto. Mtoto mwenye afya njema mara nyingi hakuugua sana, lakini mtu mzima mwenye kisukari yumo katika kundi lililopangwa mapema kupata chanjo, pamoja na ninyi watumishi wa afya, ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021. Kama kuna wa kuhamishwa, awe yeye, na ahamie kwa mtu asiyefanya kazi ya kukutana na wagonjwa. Kama hakuna pa kumpeleka, alale chumbani dirisha likiwa wazi, wewe ulale sebuleni, na dawa zake zichukuliwe za mwezi mzima ili asipange foleni kliniki. Sukari yake ikiwa imetulia sasa, kabla ya lolote, umeshamsaidia kuliko barakoa yoyote utakayomnunulia baadaye. Watoto wabaki nawe. Hayo ni maoni yangu, na mwenzangu mwingine anaweza kukushauri tofauti.

Sare zibadilishwe kituoni, zifungwe kwenye mfuko, zisikung'utwe. Tenga ndoo moja isiyotumika kwa kitu kingine chochote. Jiki, ile dawa ya klorini ya kufulia, nyingi madukani zina nguvu ya asilimia 3.5, soma kwenye chupa. Kikombe kimoja ndani ya vikombe 69 vya maji kinakupa asilimia 0.05, ambayo inatosha kuloweka nguo zilizokwisha kufuliwa kwa sabuni na kusuuzwa, kwa muda wa nusu saa, kisha suuza tena na uanike juani. Kwa kupangusia sakafu ya bafu hilo la pamoja, kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji kinakupa asilimia 0.5. Usichanganye jiki na limao, siki wala dawa nyingine ya chooni hata kama jirani anasema inang'arisha zaidi, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu, na bafu lenu halina dirisha la kutosha. Mchanganyiko wa jana umwage, tengeneza mpya kila siku. Na kikombe unachopimia kifunge uzi mwekundu kwenye mkono wake, kisirudi jikoni.