Wakongo hawajaharibu Kiswahili: niliyojionea foleni ya Kasumbalesa

Mkuu, umeuliza kwa nini Wakongo "wamekiharibu" Kiswahili, wanasema mutoto yangu, bintu mingi, batoto banakuya, ukamalizia kwa kicheko. Sikulaumu. Mimi ni mtu wa Tanga, na Mtanga ukimwambia kuna mahali anaweza kwenda kufundishwa Kiswahili atadhani unamtania. Nami nilicheka hivyo hivyo mpaka nilipoanza kuvuta semi za Dar kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma.

Safari yangu ya kwanza tulilala foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku tisa. Karibu na maegesho kulikuwa na mama anauza bukari, ndiyo ugali wao, kwa sombe, ndiyo kisamvu. Ana binti wa kama miaka sita anayezunguka na jagi la maji ya kunawa. Siku ya pili, kwa ujuaji wangu, nikamsahihisha mama wa watu: siyo "mutoto yangu", ni "mtoto wangu". Hakukasirika. Akaniuliza huku anakoroga (papa kwao ni baba), "Na mama yako, papa, unasema mama wangu?"

Nikabaki na tonge mkononi.

Maana kweli, tunasema mtoto wangu, halafu mama yangu, rafiki yangu, ndugu yangu. Hao wote ni watu. Anayezaliwa ndani ya lugha haoni ajabu yoyote hapo, amenyonya hivyo. Lakini mfikirie mtu mzima wa miaka ishirini na tano aliyeshushwa kwenye treni Katanga, kule kwenye migodi kusini mwa Kongo, hajui neno, na kesho asubuhi anatakiwa aelewane na wenzake kazini. Anaokota "yangu", anaona inafanya kazi, anaitumia kila mahali. Wenzake nao ni wageni kama yeye, kwa hiyo hakuna wa kumcheka.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kiswahili kilifika kule na misafara ya biashara kabla ya Wabelgiji. Mfalme Msiri mwenyewe, aliyetawala ufalme wa Garenganze kulekule Katanga mpaka alipouawa 1891, asili yake ilikuwa Unyamwezini. Kilichokifanya kiwe lugha ya mji ni shaba. Kampuni ya migodi ya Wabelgiji, Union Minière, iliundwa 1906, mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ukaanzishwa 1910, na wafanyakazi wakaletwa kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, na upande wa Zambia ya leo. Kiswahili hawakukipata kwa Mmvita wa Mombasa wala Muunguja wa Zanzibar. Walifundishana wao kwa wao, na hapo ndipo penye jibu lako.

Angalia walichokiacha na walichokibakiza. Upatanisho wa "wangu, changu, langu, vyangu" umeyeyuka, kwa sababu ni mzigo kwa mtu mzima na maana haipotei ukiuacha. Lakini alama za umoja na wingi, mu- na ba- (mutoto, batoto), ki- na bi-, ka- na tu-, zimebaki, tena zimenenepa. Kwa nini? Mtu wa Kasai kwao watu ni bantu, na wa Rwanda kwao ni abantu. Wa- yetu ya pwani ndiyo iliyokuwa ngeni kwenye kikao kile, ikapigwa kura ya kutoka. Hata "nyumbani" imekwenda na maji, wanasema ku nyumba na mu nyumba, kwa sababu ku na mu wengi walikuja nazo kutoka makwao.

Kisha mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikaanza kuwaacha wafanyakazi wakae na wake zao, na watoto wakazaliwa kambini. Nionavyo mimi hapa ndipo mambo yalipogeuka. Mtoto hapokei lugha ya kuokoteza akaiacha vilevile. Anaipanga, anaitia kanuni, na ukikosea anakucheka. Nimelipata hilo mwenyewe. Siku ya sita nikajiona nimeshaijua siri: kumbe Wakongo wanabadili v kuwa b tu! Vitu ni bintu, vitabu ni bitabu, basi. Wingu likatanda, nikamwambia yule binti, "Mbua inakuja." Akaangua kicheko mpaka jagi likamponyoka, akaenda kuwaita wenzake waje wamsikie papa. Mvua kwao ni mvula, na v iko palepale. Ile b ni ya kiambishi cha wingi, si ya kila v unayokutana nayo. Mtoto wa miaka sita hajui neno "kiambishi", lakini mpaka wake anaujua. Lugha iliyoharibika ingenikosoa vipi?

Kabla hujasema "lakini sanifu ndiyo sahihi", kumbuka sanifu nayo ilichaguliwa mkutanoni Mombasa, 1928, Kiunguja kikashinda Kimvita. Wangeamua vingine, wa kuchekwa tungekuwa sisi. Lubumbashi wanasema mayi, tunacheka. Lamu wanasema mai, tunaita ushairi.

Sisemi mwanao aandike mutoto yangu kwenye mtihani, atafelishwa. Mimi mwenyewe nikivuka Tunduma kurudi huku nabadilisha ulimi kama nabadilisha gia, ila kuna siku gia inagoma. Mwaka juzi niko Tanga kwa bibi, nina kiu, nikaomba mayi. Bibi akashusha miwani. "Nani kakufundisha kusema hivyo?" Nikamwambia ni katoto kamoja hivi, ka miaka sita. Akasikia na hiyo "ka", akazidi kunitazama.