Kijumba cha langoni: kwa nini ukuta unalowa baada ya kupigwa saruji

Umeuliza kwa nini kijumba cha langoni cha karne ya 19 huko Uingereza kinalowa ndani, na matofali yanamenyeka uso, tangu viungo vya matofali vijazwe upya kwa saruji (pointi). Saruji ina kosa, lakini anza kukagua paani.

Vijumba hivi vilijengwa kumvutia mgeni kabla hajaiona nyumba ya bwana. Ndiyo maana makao ya vyumba viwili vitatu yanabebeshwa paa kali, fisha (mbao za ukingo wa paa) za kuchonga, dirisha lililochomoza ili mlinda lango aone barabara, na dohani refu. Kile cha msanifu majengo William Eden Nesfield kwenye bustani ya Kew, London (miaka ya 1860), kina paa kama piramidi na dohani kubwa la matofali katikati. Wengine walijenga viwili, kimoja kila upande wa lango; msanifu wa bustani Humphry Repton aliukejeli mtindo huo mapema, maana mtu mmoja maskini anagawiwa nyumba mbili ili lango lipendeze.

Mapambo hayo yana gharama. Kila dirisha la paani na kila dohani huzaa mabonde ya paa yaliyofunikwa kwa mabamba ya risasi, ile metali laini nzito. Risasi hutanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi. Kipande kikizidi kama mita 1.5, kinapasuka. Maji yanashukia ukutani, na ukuta wenyewe ni wa tofali mfululizo, hauna uwazi katikati. Zamani unyevu ulitoka nje kupitia chokaa ya viungo. Saruji imeziba njia hiyo, basi unatoka kupitia tofali, na ukiganda barafu unalipasua. Waliozoea kuta za mawe na chokaa za Lamu wanaujua ugonjwa huu, ila kwao chumvi ndiyo inayomenya.

Tengeneza risasi na gata kwanza. Kisha chimbua saruji kwa tindo na nyundo, kina mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue milimita 25. Grainda hukata kingo za tofali, na jeraha hilo halifichiki. Saruji inayong'oka na uso wa tofali iache ilivyo.

Mchanganyiko: chokaa haidroliki (inayokaza kwa maji) ndoo 1, mchanga mkali (wa chembe zenye kona) ndoo 2.5 hadi 3. Tofali likiwa laini, chagua chokaa dhaifu, daraja la nguvu namba 2 badala ya 3.5. Lowesha kiungo, shindilia, usipake juu ya uso wa tofali. Ikianza kukaza, igonge kwa brashi ngumu. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, na usifanye kazi chini ya nyuzi joto 5 za Selsiasi.

Kama jengo limo kwenye orodha ya urithi, omba kibali kwanza. Uingereza kulibadilisha bila kibali ni jinai.

Rangi ya plastiki ndani isubiri, tena afadhali isipakwe kabisa. Mafundi hukadiria ukuta unakauka milimita 25 kwa mwezi, na wako, wenye unene wa urefu wa tofali moja, una kama 225, yaani miezi tisa.