Ekstensheni kuchomokana: mkazo uchukuliwe na waya, si plagi

Ndugu uliyeuliza kuhusu ekstensheni mbili ulizounganisha kutoka sebuleni hadi uani, ambazo huchomokana kila fundi akivuta grenda: iache plagi, shughulika na waya. Plagi zetu hizi za pini tatu hushika barabara zikiachwa zitulie, lakini hazikuundwa kuvutwa. Panga mambo ili mkazo wote uishie kwenye waya, na pale kwenye maungio pawe pamelegea wakati wote.

Kazi yangu ni kufunga taa na vyombo vya muziki kwenye harusi hapa Mombasa: Mji wa Kale, Majengo, mpaka ng'ambo ya Likoni. Turubai husimama njiani, umeme hutolewa dirishani kwa jirani, watoto wanakimbia, kina mama wanapita na masinia. Waya hukwaliwa usiku kucha. Tunafanya hivi: kabla ya kuchomeka, chukua waya wa ekstensheni ya pili, kama shibiri mbili kutoka kwenye plagi yake, uulaze pamoja na waya wa ile ya kwanza unaoingia kwenye boksi. Zifunge fundo moja jepesi, kama unavyoanza kufunga kamba za viatu, ndipo uchomeke. Baina ya fundo na plagi lazima pabaki waya uliolegea. Mtu akivuta, fundo ndilo linalokaza, plagi haina habari. Ila usiupinde waya kwa kona kali, maana nyuzi za shaba hukatika moja moja ndani na nje huoni kitu.

Kwa kuwa maungio yako yanakaa palepale kila siku, iko njia bora zaidi. Boksi nyingi za ekstensheni zina matundu mawili ya kutundikia mgongoni. Piga skrubu mbili kwenye kipande cha ubao, tundika boksi, kisha waya zote mbili zifunge kwenye ubao huohuo kwa kamba ya katani. Ubao wenyewe uweke juu ukutani, chini ya paa, watoto wasifikie na mvua ya masika isifike.

Tepu nyeusi kuzungushia maungio siipendi kabisa. Joto la hapa hulainisha gundi, tepu inateleza, na mbaya zaidi inakuficha plagi iliyochomoka nusu. Hiyo naiogopa kuliko iliyotoka yote. Iliyotoka yote imezima tu, lakini iliyotoka nusu inagusa shaba kwa sehemu ndogo, na umeme wote wa grenda unalazimika kupita hapo. Panapata moto, cheche zinaruka, plastiki inageuka kahawia. Sisi huisikia kwanza kwenye spika: inakwaruza. Kwa hivyo kazi ikishaendelea kidogo, gusa mgongo wa plagi. Ukihisi joto la kukufanya uondoe mkono, zima ukutani kabla ya kufanya lolote.

Angalia na soketi yenyewe. Plagi ikiingia bila kukaza, vibanio vya shaba ndani vimeshapanuka, na hapo fundo halitasaidia, nunua nyingine. Hewa yetu ya chumvi nayo inakula pini, ukiona kutu ya kijani usiendelee kuitumia.

Halafu fungua plagi kwa bisibisi, ikiwa imechomolewa. Kibanio cha waya kinatakiwa kibane ganda la nje, si zile nyaya za rangi. Ya kijani na manjano, yaani ya ardhi, iachwe ndefu kidogo kuliko ya kahawia na ya buluu, ili waya ukivutwa mpaka kukatika, hiyo iwe ya mwisho kuachia.

Na kumbuka fyuzi ya plagi, ya ampea 13, kwa volti 240 ni kama wati 3,120 kwa msururu mzima, hata boksi liwe na matundu sita. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zikiwaka pamoja zimeshapita.

Kama grenda haihami pale uani, mimi ningeacha kuunganisha, ninunue waya mmoja wa milimita mraba 1.5 unaofika moja kwa moja. Pima kutoka soketi ya sebuleni hadi kwenye meza ya kazi, uniandikie ni mita ngapi na grenda ni ya wati ngapi.