Saa ya Zamani au Saa Mpya: Jinsi ya Kuchagua Itakayokukaa Mkononi

Anayenunua saa mpya huchagua aina. Akishaamua kwamba anaitaka ile yenye uso wa buluu na kipenyo cha milimita 39, yoyote atakayoletewa kutoka kiwandani itafanana na nyingine. Anayenunua saa ya zamani hana nafasi hiyo. Yeye huchagua saa moja, hiyo hiyo iliyo mbele yake, iliyokwisha kupitia jasho, mafundi, maji na kusuguliwa. Saa mbili zilizotengenezwa siku moja mwaka 1962 zinaweza leo kuwa moja nzima kabisa na ya pili mkusanyiko wa vipuri vya kuokoteza. Wengi wanaojutia saa ya zamani hawakukosea mtindo. Waliinunua kama mtu anunuavyo saa mpya, wakaipenda picha na kulipa.

Saa ya zamani hapa ni ile ya kutia ufunguo, au ya kujijaza kwa mwendo wa mkono, iliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Pima mkono kwanza

Saa nyingi za kiume za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na kipenyo cha milimita 33 hadi 36. Nyingi za leo zina milimita 38 hadi 42. Lakini kipenyo peke yake hupotosha. Kinachoamua kama saa itatulia mkononi ni urefu wake kutoka ncha ya sikio moja la kasha hadi ncha ya sikio la upande wa pili, yale masikio yanayoshika mkanda. Laza mkono mezani, kiganja kikiangalia chini, kisha pima kwa rula upana wa sehemu iliyo bapa juu ya kifundo. Kama ni milimita 50, saa yenye urefu wa 46 au 47 itakaa vizuri. Ikifika 51, masikio yataning'inia hewani na mkanda utashuka wima badala ya kukumbatia mkono. Hapo hata saa ya gharama kubwa huonekana ya kuazima.

Kata karatasi ngumu mbili kwa umbo la saa unazozifikiria, pamoja na masikio yake, uzibandike mkononi moja baada ya nyingine, kisha usimame mbele ya kioo kikubwa. Usizitazame kwa karibu. Watu wengine huiona saa yako wakiwa hatua mbili au tatu kutoka ulipo, na wewe unapaswa kuihukumu kwa umbali huo.

Jicho nalo hudanganyika. Saa ya milimita 36 ambayo uso wake mweupe umeenea hadi ukingoni huonekana kubwa kuliko saa ya kupigia mbizi ya milimita 38 yenye pete nene nyeusi kuzunguka kioo. Kwa hiyo usiikatae saa ya zamani kwa kusoma namba tu. Unene una uzito wake pia: saa nyingi za zamani za kutia ufunguo zina milimita 8 hadi 10 na huteleza chini ya mkono wa shati lililofungwa kifungo, wakati saa nyingi mpya za kujijaza zina 11 hadi 14 na hukwama hapo. Kwa anayevaa suti au kanzu ya mikono iliyobana, huenda hili peke yake likamaliza mjadala.

Saa itakutana na nini kila siku?

Maji ndiyo muuaji mkuu. Saa huzuia maji kwa vipira vyembamba vilivyo chini ya mfuniko wa nyuma, kuzunguka kioo, na kwenye kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo. Vipira hivyo hukauka na kupasuka hata saa ikikaa kabatini. Saa ya mwaka 1968 iliyoandikwa mgongoni kwamba haiingii maji ilisema kweli mwaka 1968. Leo ichukulie kuwa haina kinga yoyote, hata kama fundi ameweka vipira vipya, kwa sababu kasha lenyewe linaweza kuwa limeliwa na kutu mahali pale pale vipira vinapokaa. Kwa saa mpya, maandishi ya mita 30 yana maana ya matone na kunawa mikono. Kuogelea kunahitaji mita 100 au zaidi. Kama wewe huosha vyombo, huoga au hunyeshewa saa ikiwa mkononi, na unajua hutabadilika, nunua mpya.

Pigo la ghafla ni la pili. Egemeo la gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko ndani ya saa, ni jembamba kama unywele. Kinga ya springi iitwayo Incabloc ilibuniwa nchini Uswisi miaka ya 1930, na mifumo mingine ya aina hiyo ikafuata, lakini saa nyingi za miaka ya 1940, na hata baadhi za 1950, hazina. Mwulize muuzaji, au tafuta picha ya mashine: saa nyingi zenye kinga huwa na springi ndogo ya rangi ya dhahabu yenye umbo la kinubi au ua katikati ya gurudumu hilo. Isiyo nayo ikianguka sakafuni mara moja, egemeo linaweza kuvunjika.

Kuhusu kushika wakati, jiulize kwa uaminifu unavumilia nini. Fuwele ya kwatsi katika saa ya betri hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya kawaida ya aina hiyo hukosea takriban sekunde 15 kwa mwezi. Saa mpya ya springi yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, lazima mashine yake ikae, kwa wastani wa siku, kati ya kuchelewa sekunde 4 na kuwahi sekunde 6. Saa ya zamani iliyotoka kwa fundi mzuri ikikosea sekunde 15 hadi 30 kwa siku, imefanya kazi yake. Anayekerwa na nusu dakika atachoka nayo kabla mwezi haujaisha.

Usumaku huzipata zote. Saa ya springi ikianza ghafla kuwahi kwa dakika kadhaa kwa siku, huenda iliwekwa karibu na spika au mfuniko wa sumaku wa simu. Haijaharibika. Fundi huiondolea sumaku kwa sekunde chache.

Uso wa saa: hapa ndipo pesa hupotea

Ukiamua kutafuta ya zamani, tumia nusu ya muda wako kwenye uso. Mashine inatengenezeka, uso ulioharibika haurudi.

Hatari kubwa ni uso uliopakwa upya. Kwa mbali unapendeza, unang'aa kama wa jana, na ndiyo maana huwanasa wanunuzi wapya. Kuza picha uangalie herufi. Kiwandani herufi zilichapwa nyembamba, zenye ncha kali na nafasi sawa baina yake. Zilizopakwa upya huwa nene, zimejaa wino kwenye kona, au jina la kampuni limeegemea upande mmoja. Angalia vijistari vya dakika: je, kila kimoja kinaelekea katikati, na je, vile vya kwenye 12, 3, 6 na 9 vinalingana na alama za saa zilizobandikwa? Kisha shuka hadi ukingo wa chini kabisa, kwenye 6. Saa ya Uswisi ya miaka hiyo kwa kawaida ina neno SWISS hapo; likikosekana, au likikatwa nusu na kasha, uliza sababu. Linganisha na picha kadhaa za saa ya aina ile ile, mwaka ule ule. Uso wenye madoa machache ya uzee lakini halisi una thamani kuliko unaong'aa kwa rangi ya juzi, na mkononi pia hupendeza zaidi. Hapo mimi sina shaka.

Mishale nayo husema mengi. Kama rangi ya kung'aa gizani iliyo kwenye mishale ni nyeupe na iliyo usoni imegeuka hudhurungi, mojawapo imebadilishwa.

Rangi hiyo inahitaji tahadhari ya kweli. Kabla ya miaka ya 1960 nyingi zilitengenezwa kwa radiamu. Imeacha kung'aa kwa sababu kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga imechoka, lakini radiamu yenyewe hupungua kwa nusu katika takriban miaka 1,600, kwa hiyo bado ipo. Hatari kubwa ni kuvuta vumbi lake. Usiifungue saa hiyo nyumbani, usiikwangue, usiiweke karibu na mto unapolala, na mjulishe fundi kabla hajaigusa. Baadaye ilitumika tritiamu, ambayo hupungua kwa nusu katika miaka 12 hivi; saa za Uswisi za aina hiyo mara nyingi huwa na herufi T pande zote mbili za neno SWISS. Kwa saa yako ya kwanza ya zamani, chagua uso usio na rangi ya kung'aa kabisa. Utakuwa umeepuka tatizo zima, na saa za aina hiyo ndizo maridadi zaidi za kuvaa na mavazi rasmi.

Kasha na mashine

Kasha lililosuguliwa mara nyingi hupoteza kona zake. Masikio huwa membamba upande mmoja, na maandishi ya mgongoni hufifia. Mikwaruzo ni afadhali kuliko kasha lililolainishwa kama sabuni iliyotumika. Saa nyingi za rangi ya dhahabu ni za kuchovywa, unene wa mikroni 10 au 20; tazama ncha za masikio na upande wa chini unaogusa ngozi, kwani hapo dhahabu huisha mapema na jasho likaanza kula madini ya ndani. Kioo cha akriliki kilichokwaruzwa kisikutishe. Kinang'arishwa kwa dakika chache au kubadilishwa kwa urahisi. Kioo cha yakuti cha saa mpya hakikwaruziki kirahisi, ila kikipigwa vibaya huvunjika vipande.

Omba picha ya mashine bila mfuniko. Kutu karibu na kitufe cha pembeni ni dalili ya maji. Skurubu zilizochubuka vichwa ni dalili ya fundi asiye makini. Muuzaji anayejua kazi yake atakupa pia matokeo ya kipima mwendo, kifaa kinachosikiliza mapigo ya saa. Saa iliyojazwa, ikilazwa uso ukiangalia juu, gurudumu la mizani liyumbe nyuzi 250 hadi 300. Chini ya 200, saa inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya. Kosa la mapigo, yaani tofauti ya muda kati ya "tik" na "tak", lisizidi sana milisekunde 1. Usiridhike na kuambiwa kwamba inatembea. Saa iliyokaukiwa mafuta hutembea pia, huku chuma kikisaga chuma.

Vipuri ndivyo vinavyotenganisha saa ya kuvaa na saa ya kuweka sandukuni. Mashine mpya kama ETA 2824-2, Sellita SW200-1, Seiko NH35 na Miyota 9015 zimeenea kiasi kwamba fundi anaweza kubadilisha mashine nzima. Kwa za zamani, fuata zilizotengenezwa kwa wingi: Omega za familia ya 30T2, au Seiko zenye mashine ya 7009. Jiepushe mwanzoni na saa za zamani zenye vitufe vya kusimamisha sekunde. Zina vipande vingi zaidi, na kuzihudumia ni ghali. Gharama ya huduma, kila miaka 4 au 5, ihesabu ndani ya bei ya kununulia. Kama hujampata fundi atakayeipokea, bado hujawa tayari kununua.

Mpya yenye sura ya zamani

Kwa wengi hili ndilo jibu sahihi, na si la kuonea haya. Hamilton Khaki Field Mechanical ina milimita 38, hutiwa ufunguo, hukaa na nguvu hadi saa 80 na ina kioo cha yakuti. Tudor Black Bay Fifty-Eight, iliyotoka 2018, ina milimita 39 na sura ya saa za mbizi za miaka ya 1950. Tissot PRX ya 2021 imerudisha umbo la saa ya mwaka 1978. Unapata mtindo na unanawa mikono bila hofu. Kitu kimoja chunguza: baadhi ya kampuni hupaka alama za usoni rangi ya krimu ili zionekane zimezeeka. Ivae mbele ya kioo kwa mwanga wa mchana kabla ya kuamua, maana rangi hiyo hugombana na mikanda ya kijivu na nyeusi.

Mkanda na wiki ya kwanza

Pima nafasi iliyo kati ya masikio kabla ya kuagiza mkanda. Za zamani mara nyingi ni milimita 16, 17, 18 au 19, na kosa la milimita moja huonekana. Mkanda wa nailoni unaopita chini ya pini zote mbili za masikio huokoa saa pini moja ikichomoka. Wa ngozi upumzishe siku moja baada ya kuutolea jasho.

Saa ikifika, ijaze kikamilifu asubuhi. Ya kutia ufunguo izungushe taratibu mpaka igome, usiilazimishe zaidi. Kama ina tarehe, usiibadilishe kwa njia ya haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwani meno ya kusukuma tarehe huwa yameshaingia kazini na yanaweza kuvunjika. Sukuma mishale ipite usiku wa manane uone kama tarehe inaruka vizuri. Andika kila asubuhi, kwa siku saba, imewahi au imechelewa sekunde ngapi. Mara moja iache mezani bila kuivaa mpaka isimame, uhesabu saa ilizotembea. Saa nyingi za zamani hufika 36 hadi 40. Ikisimama kabla ya 30, au makosa yakipanda na kushuka kwa dakika nzima bila mpangilio, irudishe ungali ndani ya muda wa kurudisha.